Eko (altrasaundi ya moyo) inasema moyo umepata nafuu lakini miguu haina nguvu, shida iko wapi?

BintiMkubwa

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie kuelewa hili jambo maana limenikaa kichwani na kliniki kila nikitaka kuuliza muda unakuwa umeisha. Baba yangu ana tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, la muda mrefu, ni mtu wa miaka 60 na kitu. Alipogundulika EF yake, kile kipimo cha nguvu ya moyo kusukuma damu, ilikuwa 25, wakamwanzishia dawa, ile ya kutanua mishipa, beta bloka, ya kukojoa na nyingine mbili, na kwa kweli anazinywa bila kuruka. Eko ya mwisho EF imefika 42, daktari kafurahi, miguu haijavimba tena, mapafu safi, usiku analala bila kurundika mito.

Sasa mbona ngazi za ghorofa moja bado zinamshinda? Na ukimuuliza wala hasemi pumzi, anasema miguu. Mapaja yanawaka moto alafu yanakuwa mazito inabidi akae katikati ya ngazi. Na amekonda mapaja na makalio mpaka suruali zinampwaya, wakati tumbo lipo vilevile. Kama moyo umerudi kwa nini mwili haujarudi? Kuna kitu dawa hazigusi? Na je akitembeatembea tunamsaidia au tunamwongezea hatari, maana mama hamruhusu hata kuinuka kuchukua glasi ya maji, anasema moyo usichoshwe.

FizioWaMoyo

Pole dada, na mzee ana bahati ya kuwa na mtu anayefuatilia hivi. Mi nafanya mazoezi tiba na wagonjwa wa moyo na ningependa kila familia iulize hili swali lako, kwa hiyo nivumilie ntaandika kirefu.

EF inakwambia pampu inatoa asilimia ngapi ya damu iliyojaa kwenye chumba cha kushoto kila pigo. Basi. Haikwambii hiyo damu inafikaje pajani na ikifika inatumikaje. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 ilishaonekana kwamba EF na uwezo wa mtu kutembea haviendani sana, unakuta mtu wa EF 20 anafanya shughuli zake na wa EF 40 anakaa katikati ya ngazi kama mzee wako. Na miaka hiyohiyo walijaribu kitu kikafungua watu macho sana, waliwapa wagonjwa dawa ya kuchochea moyo kwa njia ya mshipa, damu inayotoka kwenye moyo ikaongezeka palepale na hata inayokwenda miguuni ikaongezeka, lakini uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni kwenye mazoezi haukuongezeka. Yaani damu imeletwa, msuli haujaitumia. Hata waliopandikizwa moyo mpya mzima kabisa, uwezo wa mazoezi haurudi siku ile, unapanda polepole kwa miezi na wengi hawafiki pale mtu mwenye afya wa umri wao alipo, na sehemu ya sababu ni kwamba miguu ni ileile waliyokuja nayo.

Kwa hiyo kati ya pampu na hatua anayopiga mzee kuna vitu viwili, mishipa na misuli, na vyote viwili vinaharibika kwenye huu ugonjwa.

Nianze na mishipa. Ukiwa umekaa, moyo unatoa kama lita 5 kwa dakika na misuli yote inapata kama 15 hadi 20 kwa mia tu ya hiyo. Ukianza kazi nzito misuli inaweza kuchukua zaidi ya 80 kwa mia, na hilo linawezekana kwa sababu mishipa ya kwenye misuli inayofanya kazi inafunguka. Anayechangia sana kufungua ni ule utando mwembamba wa ndani ya mshipa, endothelia, ukisuguliwa na damu inayopita kwa kasi unatoa gesi ya nitriki oksaidi inayoambia ukuta wa mshipa ulegee. (Ugunduzi huu ndo uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998.) Kwa mgonjwa wa moyo kushindwa gesi hii inapungua, utando unatengeneza kidogo na hiyo kidogo inaharibiwa na kemikali chafu zinazotokana na oksijeni. Na wakati huohuo mwili kwa sababu unahisi damu haitoshi unamwaga adrenalini na angiotensini na endothelini ambazo zote zinabana mishipa. Mwanzoni kubana huko kunaokoa maisha maana presha haishuki, ila kukikaa miezi na miaka ndo mishipa ya miguuni inakuwa imebanwa muda wote, na siku msuli unaomba damu mshipa haufunguki vya kutosha.

Hili linapimika bila kumchoma mtu, wanafunga mkono kwa kile kitambaa cha presha dakika 5, wanaachia, damu inarudi kwa kishindo na wanaangalia kwa altrasaundi mshipa umetanuka kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya unatanuka vizuri, kwa mgonjwa wa moyo unatanuka kidogo.

Sasa misuli, na hapa ndo kwa mzee wako. Misuli ina nyuzi za aina mbalimbali, zipo za polepole zinazotumia oksijeni na hazichoki haraka, na zipo za haraka zenye nguvu ya ghafla lakini zinachoka upesi. Kwenye ugonjwa huu uwiano unahama kuelekea za haraka. Mitokondria, vile vinu vidogo vya kutengeneza nishati ndani ya msuli, zinapungua na zilizopo hazifanyi kazi vizuri, vishipa vidogo kabisa vinavyozunguka nyuzi navyo kwa wagonjwa wengi vinapungua, na msuli wenyewe unasinyaa kwa sababu kuvunjwa kwa protini kunazidi kujengwa. Watafiti walishaingiza misuli ya wagonjwa kwenye mashine ya sumaku inayosoma kemikali ndani ya msuli ukiwa unafanya kazi, wakakuta akiba ya nishati inaisha mapema na tindikali inapanda mapema kuliko kwa mtu mwenye afya, hata kwa wale ambao damu inayofika haikuwa imepungua. Ule moto wa mapajani anaousema baba ni huo. Sio uvivu na sio uzee tu, tafadhali mwambie hivyo, maana wagonjwa wengi wanaona aibu.

Mtafakari

Asante fizio lakini mi bado naogopa. Mama yangu mdogo alikuwa na moyo mkubwa na aliambiwa kabisa na daktari apumzike, asibebe kitu, asipande mlima. Leo mnasema afanye mazoezi. Moyo ambao tayari umechoka unauongezeaje kazi? Si ndo kuumaliza?

FizioWaMoyo

Mkuu hofu yako ina msingi na huyo daktari wa enzi hizo alikuwa anafuata walichofundishwa, hadi miaka ya 70 vitabu vilisema kitanda ni tiba, wagonjwa walilazwa wiki na wiki. Kilichobadilisha ni majaribio. Mwaka 1988 Sullivan na wenzake Marekani walifundisha mazoezi kikundi kidogo cha wagonjwa wenye EF ya chini sana na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukapanda kama 23 kwa mia, na sehemu kubwa ya mabadiliko waliyoyaona ilikuwa miguuni. Baada ya miaka 10 Hambrecht na wenzake kule Ujerumani wakaonyesha mishipa yenyewe inaanza kufunguka upya, utando unatoa tena ile gesi. Alafu ukaja utafiti mkubwa uitwao HF-ACTION, wagonjwa 2,331 wenye EF ya 35 kushuka chini, majibu yakatoka 2009.

Niseme ukweli wote kuhusu huo wa 2009 maana watu wanautangaza nusu. Haukuonyesha kwamba mazoezi yanapunguza vifo kwa kiasi kikubwa, tofauti ya vifo na kulazwa ilikuwa ndogo na ilionekana wazi baada tu ya kurekebisha hesabu kwa hali za wagonjwa. Ila ulionyesha vitu viwili ambavyo kwangu vinatosha, mazoezi kwa mgonjwa aliyetulia ni salama, na maisha ya kila siku yanakuwa bora. Mtu kuweza kuoga mwenyewe na kupanda ngazi za nyumbani kwake sio jambo dogo.

Na kuhusu kuuongezea moyo kazi, angalia upande wa pili. Msuli dhaifu ndo unaosumbua moyo. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopeleka taarifa kwenye ubongo, msuli ukijaa tindikali vinapiga kelele, ubongo unaongeza pumzi, unaongeza adrenalini, unabana mishipa. Kwa mgonjwa wa moyo kelele hii imezidi kipimo, hatua chache tu anahema kuliko inavyostahili. Mishipa ikibanwa moyo unasukuma dhidi ya ukuta mgumu zaidi, unachoka zaidi, mtu anakaa zaidi, msuli unaisha zaidi. Ni duara. Coats na Piepoli kule Uingereza ndo walilieleza vizuri miaka ya 90, na Piepoli alionyesha ukifundisha msuli wa mkono tu, msuli mdogo kabisa ambao hauusumbui moyo, zile kelele zinapungua. Kwa hiyo duara unaweza kulikata kupitia msuli.

Kupumzika kwa mama yako mdogo kulikuwa sahihi kama wakati ule alikuwa amejaa maji na anahema akiwa amekaa. Shida ni pale hali inatulia na hakuna anayerudi kumwambia sasa inuka.

NdaniYaDuara

Mi ndo mgonjwa mwenyewe, nna huu ugonjwa miaka mingi sasa. Bintimkubwa baba yako namwelewa mpaka kwenye mifupa. Kitu kigumu kuliko dawa ni kwamba nyumba nzima inakuhudumia kwa upendo na huo upendo unakumaliza miguu. Kila ukinyanyuka mtu anakuwahi, kaa baba kaa, na wewe unakaa kwa sababu unaogopa na wao wanaogopa.

Mi nilianzishwa na kuinuka kwenye kiti. Basi tu, kukaa na kusimama bila kushika, mara chache, napumzika, narudia. Alafu kutembea kwenye sehemu tambarare kwa vipande, natembea kidogo nasimama pumzi ikitulia naendelea. Wiki za kwanza niliona kama napoteza muda na jioni nilikuwa nimechoka zaidi kuliko siku ambazo sijafanya kitu, hapa ndo wengi wanaacha. Lakini baadae nikaanza kugundua vitu vidogo, nafika chooni usiku bila kupumzika njiani, naongea na simu huku natembea. EF yangu haijasogea hata kidogo, iko palepale ilipokuwa. Mimi ndo nimesogea.

SistaKliniki

Fizio kaeleza vizuri, naongezea mambo ya wodini.

Dada, muulize daktari kama baba amepimwa madini ya chuma. Sisemi damu kupungua, nasema akiba ya chuma, feritini na kile kipimo cha transferini, yaani protini inayobeba chuma kwenye damu imejaa chuma kiasi gani. Karibu nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa wana upungufu wa chuma na wengi himoglobini yao ni ya kawaida kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Chuma hakitumiki kwenye damu tu, mitokondria za msuli zinakihitaji na ile protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli nayo inakihitaji. Kwa wagonjwa wa moyo tunahesabu ni upungufu feritini ikiwa chini ya 100, au ikiwa 100 mpaka 299 na ujazo wa transferini uko chini ya 20 kwa mia. Utafiti wa FAIR-HF wa 2009 uliwapa watu kama hao chuma cha kwenye mshipa na wakajisikia vizuri na kutembea umbali mrefu zaidi kwenye kipimo cha dakika 6, na hata wale ambao hawakuwa na upungufu wa damu walipata nafuu. Vidonge vya chuma kwa wagonjwa hawa havijaonyesha kusaidia hivyo, kwa hiyo msikimbilie kununua wenyewe.

Pili, kukonda mapaja huku tumbo lipo ni jambo la kumwambia daktari waziwazi na kumpima uzito. Uzito ukishuka zaidi ya 5 kwa mia ndani ya mwaka bila kukusudia, na sio maji yaliyotoka, huo unaitwa kukonda kwa ugonjwa na una uzito wake kwenye hali ya mgonjwa. Maji yanaweza kuficha kukonda, mtu kilo ni zilezile kumbe msuli umekwenda na maji yameingia. Muulizeni pia mtaalamu wa lishe kuhusu protini, hasa kama figo zake zina shida msiongeze kiholela.

Tatu, misuli ya kupumua nayo ni misuli. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinadhoofika kwa wagonjwa wengi, na kuna kifaa kidogo cha kuvutia hewa yenye ukinzani ambacho kinawasaidia wale ambao nguvu ya kuvuta pumzi imepimwa ikakutwa ndogo. Kwa mzee ambaye analalamika miguu zaidi sidhani ni cha kwanza, ila kijue.

Na siku za kutofanya mazoezi tafadhali zikaririni nyumba nzima. Uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku 3, anahema akiwa amekaa au hawezi kulala chali, ana homa, kifua kinambana, amezimia au anataka kuzimia, moyo unakimbia ovyo akiwa ametulia. Hapo hakuna zoezi, ni hospitali. Na kwa mwenye vali ya aota (mlango wa damu kutoka kwenye moyo kwenda mwilini) iliyobana sana hata akiwa anajisikia vizuri asianze chochote mpaka daktari wa moyo aseme.

Mtafakari

Nimeelewa kwa kweli. Swali la mwisho kutoka kwangu, kuna jirani yetu yeye EF ni 60 na bado wanasema moyo umeshindwa, anachoka vilevile. Haya ya misuli yanamhusu?

FizioWaMoyo

Yanamhusu tena sana. Ile aina moyo unasukuma vizuri ila umekuwa mgumu haujai vizuri, wengi ni watu wazima, wana presha, sukari, uzito. Mapaja yao yakipigwa picha ya sumaku unakuta mafuta yamejipenyeza katikati ya msuli. Na wakifanya mazoezi wanapata nafuu huku moyo wenyewe ukibadilika kidogo tu, sehemu kubwa ya faida inatokana na misuli kujifunza kuvuta oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile. Kwa aina hii kwa miaka mingi dawa zilikuwa hazifui dafu, mazoezi ndo yalikuwa moja ya vitu vichache vilivyoonyesha faida.

BintiMkubwa

Jamani mmenifanya nilie kidogo hapa, hasa NdaniYaDuara. Nimemsomea baba ujumbe wako akasema huyo mtu ananijua. Mama bado anasita lakini amekubali tumuulize daktari. Sasa naomba mniambie, tukipata ruhusa, tutajuaje anazidisha? Nilitaka kumnunulia saa ya kuhesabu mapigo ya moyo.

FizioWaMoyo

Saa msiitegemee. Anatumia beta bloka, kazi yake mojawapo ni kuzuia mapigo yasipande, kwa hiyo ile hesabu ya watu ya kutoa umri kwenye 220 haimfai, anaweza kuwa hoi na saa inasema yuko chini. Tumieni mdomo wake. Akitembea aweze kuongea sentensi nzima bila kukatika, akiweza kuimba anaenda taratibu mno, akishindwa kumaliza sentensi apunguze. Kliniki tunatumia kipimo cha uchovu cha Borg kinachoanza 6 kuishia 20, mtu mwenyewe anataja namba, na wengi tunawaweka 11 mpaka 13, yaani kuanzia kazi nyepesi mpaka nzito kidogo.

Waombeni kwanza kipimo cha mazoezi kinachofuatiliwa na mashine, au kama hakipo basi angalau kutembea dakika 6 huku wanamwangalia, ili kuwe na pa kuanzia. Kama kuna programu ya mazoezi tiba ya moyo aingie hiyo, akae chini ya uangalizi mwanzoni. Apashe mwili taratibu na apoe taratibu, kusimama ghafla baada ya kutembea kunawaangusha wengi kwa sababu ya dawa za presha. Na kwa sababu yeye mapaja ndo yameisha, kutembea peke yake hakutoshi, mwambieni mtaalamu aweke mazoezi ya nguvu, kuinuka kwenye kiti, kunyoosha goti na uzito mdogo, mguu mmoja mmoja. Mguu mmoja mmoja ni mbinu ninayoipenda mno kwa watu kama baba, msuli ukiwa mdogo moyo unaweza kuulisha wote bila kuhangaika, kwa hiyo msuli unapata kazi ya kweli na moyo haustuki. Asibane pumzi akisukuma, atoe hewa wakati wa kuinuka.

Dawa asiache hata moja akianza kujisikia vizuri. Zile za kuzuia angiotensini zinasaidia mishipa kufunguka, na hiyo faida ya miguuni inachukua wiki na miezi, sio siku ya kwanza.

Alafu muda. Mishipa na misuli inabadilika kwa kurudiarudia, siku nyingi za wiki, kidogo kidogo, na mtu akiacha faida inapotea, hata kama EF iko palepale. Kwa hiyo chagueni kitu ambacho baba anaweza kukifanya mwakani pia.

SistaKliniki

Na mama mpeni kazi, asiachwe pembeni. Yeye ndo awe anaandika uzito wa kila asubuhi na anatembea naye huku wanaongea, sentensi zikikatika yeye ndo atasikia kwanza.

BintiMkubwa

Hiyo ya mama ataipenda. Kliniki ni wiki ijayo, nimeshaandika kwenye karatasi: feritini na transferini, kupimwa kutembea dakika 6, mazoezi ya mguu mmoja mmoja, na kama vali zake ziko sawa. Majibu ntayaleta hapahapa.